Mkanda wa Kiti cha Nyuma

Kengele ya mkanda ilianza kulia walipokuwa wakiteremka upande wa pili wa Lekhalo la Phefo, ile njia ya kuvukia milima, na mwanzoni Khauhelo hakuijali, kwa sababu kengele hiyo ilikuwa na mazoea ya kumlilia mdogo wake. Thesele na mkanda wa gari walikuwa paka na panya. Kila safari gari linalia, dada anafoka, kijana anajivuta weee, ndipo anafunga.

"Thesele, mkanda."

"Nimefunga, Ausi. Macho yako yameganda?" Akauvuta mkanda kifuani ili dada yake auone.

Khauhelo akatupia jicho taa zilizo mbele yake. Kile kijitaa chekundu chenye umbo la mtu kilikuwa kinawaka kweli, ila hakikuwa cha kiti cha mbele. Kilikuwa cha kiti cha nyuma, kile kilicho mgongoni mwa dereva. Pikapu ile ilikuwa mpya na yenye umbeya: kila kiti kilijua uzito wa mtu, na aliyekikalia bila kufunga mkanda alishtakiwa hapo hapo.

Nyuma hakukuwa na mtu. Kulikuwa na kapu la makoenya, maandazi waliyokaangiwa na mama yao, nalo lilikuwa sakafuni.

"Kumbe una abiria na hukuniambia," Thesele akasema. "Ni shemeji?"

"Acha upuuzi. Hebu kipapase, labda kimeingia maji."

Thesele akageuka, akakipapasa kiti, akakipiga ngumi. Kengele ikazidi. Basi akafanya jambo wanalofanya watu wote wa magari ya milimani kelele hiyo inapowachosha: akauvuta mkanda wa nyuma juu ya kiti kitupu, akauchomeka.

"Haya, mkubwa, tulia. Karibu sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Kengele ikakoma. Thesele akacheka peke yake. Khauhelo hakucheka, na si kwa sababu ya hofu. Tangu walipotoka kule juu alikuwa hasikii kitu moyoni, si hofu, si furaha, si hata shukrani kwamba yu hai. Alikuwa ameshika usukani, na mikono iliyoushika ilikuwa kama ya mtu mwingine.

Kila mwaka theluji ikianguka kwenye milima ya Maluti, kundi lao la Maseru liliomba ruhusa kazini, likapakia sepetu, minyororo ya tairi na kamba za kuvutana, likapanda. Safari hii yalipanda magari mawili tu: pikapu ya Khauhelo, na nyuma yake Seabata na mkewe Pontšo katika gari lao kuukuu ambalo Seabata alilipenda kuliko nyumba alimokuwa akilala. Mama yao akina Khauhelo aliwasindikiza hadi getini na blanketi lake begani. Hakusema "rudini salama" kama mama wengine. Alimtazama binti yake, akasema, "Nirudishie mwanangu." Mume wake alimezwa na mgodi, na Thesele ndiye mwana wa kiume pekee wa nyumba ile. Khauhelo alijibu, "Nitamrudisha, 'M'e," akawasha gari.

Karibu na kilele, ukungu umeshuka hadi kwenye boneti, pikapu iliteleza. Barafu ilikuwa chini ya theluji, pale inapopenda kujificha. Gari likaanza kurudi nyuma polepole, breki zimekanyagwa hadi mwisho, na huko nyuma hakukuwa na kitu ila ukingo wa bonde. Seabata alikuwa bado kona ya chini. Thesele akaruka nje, akafukua theluji kwa mikono kando ya njia, akang'oa jiwe, akalisukumia nyuma ya tairi. Gari likasita juu ya lile jiwe, likasimama. Khauhelo alipochungulia upande wake aliona weupe tu, na weupe ule haukuwa na chini.

Lilikuwa jiwe zuri, bapa upande mmoja, laini kwa kushikwashikwa. Walipokwisha kufunga minyororo, Thesele alitaka kulirudisha alikolitoa.

"Usilitupe," Khauhelo akamwambia. "Jiwe kama hilo utalitafuta mteremko ujao usilipate. Lipakie."

Thesele akalipakia. Ndivyo wafanyavyo watu wa magari ya milimani, jiwe jema la tairi hawaliachi njiani.

Sasa waliendelea kuteremka, na ndani ya gari kukaanza kunuka. Ilikuwa harufu ya blanketi la sufu lililoloa, na ndani yake moshi wa samadi kavu, ule unaokaa kwenye nguo za wachungaji. Khauhelo akapandisha kipasha joto. Thesele akajikunyata, akaingiza mikono kwapani.

"Vidole sivisikii, Ausi."

"Ulifukua theluji bila glavu, unategemea nini? Vaa."

Redio ya upepo ikakwaruza. Ilikuwa sauti ya Seabata, mtu ambaye kunyamaza kwake ni ugonjwa. "Khauhelo, mwambie huyo mlevi wa nyuma ajifunike vizuri. Kichwa kimelalia kioo, kitapigwa na baridi."

"Nani?"

"Thesele, nani mwingine? Namwona kutoka hapa. Kajivika blanketi hadi masikioni."

"Thesele yuko mbele, kando yangu," Khauhelo akasema.

Redio ikakwaruza tena. Kisha ikaja sauti ya Pontšo, ya chinichini, kana kwamba alikuwa ameukinga mdomo kwa kiganja. "Dada, usigeuke nyuma. Endesha tu."

Khauhelo hakugeuka, lakini Thesele aligeuka. Alikiona kiti kitupu na mkanda umekaza juu yake, haukulala bapa kama mkanda uliofungwa juu ya hewa, bali umetuna kifuani na kubana kiunoni, na chini ya mkanda, juu ya kitambaa, palikuwa na theluji kidogo, theluji nyeupe safi ambayo, kipasha joto kikiunguruma na madirisha yakitiririka maji, haikuwa na dalili yoyote ya kuyeyuka. Alitaka kusema neno. Badala yake akageuka mbele, akakaa kimya njia nzima, yeye ambaye hakuwahi kunyamaza hata kanisani.

Walifika kijiji cha Ha Letuka kabla jua halijazama. Vibanda vya kulala wageni vilikuwa vya 'M'e 'Mantoa, mwanamke mnene mwenye kofia ya sufu, ambaye aliuza pombe, alikodisha vibanda, na watu walipougua alivua kofia, shanga zake za uganga zikaonekana. Hakupenda watu wa magari. Walimharibia kona za ua wake.

"Mmekuja tena na midude yenu," aliwaamkua. "Viatu nje."

Ndani ya kibanda Pontšo aliwasha jiko la gesi, wakabandika maji. Hakuna aliyetaja kilichoonekana njiani. Seabata alikuwa akipiga soga za hapa na pale, na kila alipofika mwisho wa kichekesho sauti ilimshuka. Thesele akainuka akaepua sufuria. Aliishika kwa mkono mtupu, chini, pale moto ulipokuwa unalamba. Akasimama nayo, akageuka, akawauliza nani anataka chai ya nguvu.

"Thesele," Khauhelo akasema.

"Wewe sukari ngapi?"

"Thesele, mkono!"

Harufu ilifika kabla hawajaelewa. Kiganja kilikuwa kinatoa moshi. Kijana akakitazama kwa mshangao, kama anayetazama kiatu kilichopasuka, na akaendelea kushika sufuria hadi Seabata alipoipiga teke ikamtoka. Ngozi ilibaki kwenye bati. Pontšo akapiga ukelele akajiziba mdomo. Na Thesele akasema, taratibu kabisa, "Siumii. Ausi, mbona siumii?"

'M'e 'Mantoa aliingia kwa kelele ile, mdomo umejaa koenya. Akatafuna, akameza, akaushika mkono ulioungua, kisha kifundo cha mkono, kisha kiwiko. Akamvua soksi akashika miguu.

"Baridi imefika magotini," alisema. "Mliweka jiwe pale Lekhalo?"

Wakatazamana. Kila mpitaji wa Lekhalo la Phefo huokota jiwe, hulitemea mate, akaliweka juu ya lile rundo kando ya njia. Walikuwa wakifanya hivyo kila mwaka, Thesele akicheka, lakini wakifanya.

"Ukungu ulikuwa mzito, 'M'e," Seabata akasema. "Rundo hatukuliona. Theluji ilifunika kila kitu."

"Hamkuweka. Haya. Mlichukua?"

Khauhelo akatoka bila koti, akarudi na jiwe. 'M'e 'Mantoa hakulipokea. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta.

"Yule aliye chini ya rundo ni mchungaji," alisema kwa sauti ndogo. "Alifuata kondoo wa watu, theluji ikamkuta. Waliompata hawakuweza kuchimba, ardhi ilikuwa chuma. Wakamfunika kwa mawe. Kila apitaye anaongeza moja ili alale. Ninyi mmemfunua kifua."

"Tutalirudisha," Khauhelo akasema.

"Mlimwambia nini? Mlisema naye?"

Thesele akainamisha kichwa. "Nilimfungia mkanda. Nikamwambia karibu."

Seabata, aliyekuwa na mzaha kwa kila jambo, akainama kuiokota sufuria.

"Si mbaya yule," 'M'e 'Mantoa akasema. "Angekuwa mbaya ningejua la kufanya. Yeye ana baridi, basi. Ameona mahali penye joto, na mwenyeji amemkaribisha. Baridi yake inahamia kwa huyu, na joto la huyu linahamia kwake. Ikifika moyoni watakuwa wamebadilishana."

Akavua kofia. Alichoma majani hadi kibanda kikajaa moshi, akamchanja Thesele mabegani, na damu iliyotoka ilikuwa nzito tena kidogo. Halafu akamweka Khauhelo kando, akamshika taya amtazame.

"Kukipambazuka mnapanda. Alilibeba yeye, alirudishe yeye, kwa mikono mitupu, peke yake. Kwanza amfungulie mkanda mgeni, amfungulie na mlango. Ninyi mkae garini. Msimwite. Msipige honi. Honi haichagui, inaita wote. Na atakayerudi, kabla hujamfungulia, muulize salamu ya nyumba yenu. Mnayo?"

"Tunayo."

"Akiijibu, mfungulie. Asipoijibu, ondoa gari."

"Nitawezaje kuondoa gari, 'M'e?"

"Hilo mimi silijui, mwanangu. Mimi najua dawa."

Salamu hiyo waliachiwa na babu yao. Anayepokea wageni mlangoni husema, "Mamba!" na mtoto wa nyumba hujibu, "Hulala, meno yakiwa macho." Thesele aliijua kabla ya kujua kutembea vizuri. Mama yao alikuwa hamfungulii mtoto mlango bila hiyo, hata mvua inyeshe vipi.

Asubuhi Khauhelo alimbeba mdogo wake hadi garini akisaidiana na Seabata. Alimfunga mkanda yeye mwenyewe, na kwa mara ya kwanza maishani Thesele hakubisha. Kiti cha nyuma kilikuwa bado kimefungwa, na theluji yake ilikuwa imeongezeka.

"Ausi," Thesele alisema njiani. "Jana uliogopa? Gari liliporudi nyuma?"

"Sijui. Sikusikia kitu."

"Mimi niliogopa. Nilifikiri nitamwambia nini 'M'e." Akavitazama vidole vyake. "Sasa sisikii tena. Si vibaya, unajua. Ni kama kusinzia."

"Usisinzie."

"Nimekuambia si vibaya."

Khauhelo alitaka kulia na machozi hayakuja. Alimpenda kijana yule kuliko nafsi yake, alijua hivyo kama anavyojua jina lake, lakini mahali pa kuupata upendo huo kifuani palikuwa pameganda. Alikanyaga mafuta, minyororo ikatafuna barafu, wakapanda, gari la Seabata likiwafuata.

Juu ukungu ulikuwa ule ule. Wakasimama pale pale palipo na michubuko ya matairi. Thesele alivua glavu akampa dada yake, akashuka kwa kushikilia mlango. Akafungua mlango wa nyuma. Akauchomoa ule mkanda.

Kengele ikalia. Ililia na ikalia, kijitaa chekundu kikiwaka, na Thesele akasimama kando ya mlango kama mtu anayemngoja mgonjwa ashuke. Ndipo kiti kikatoa sauti ndogo ya sponji inayopumua, na kengele ikakoma. Thesele akalichukua jiwe kwa mikono miwili, ule mzima na ule uliofungwa kitambaa, akaingia katika weupe. Kwa muda viatu vyake vilisikika. Baadaye hata viatu havikusikika.

Khauhelo akangoja. Alizima injini ili asikie, akasikia upepo, kisha ndani ya upepo mluzi, ule wa mchungaji anayewaita kondoo, mrefu na usio na haraka, ukitokea kushoto, halafu kulia, halafu karibu kabisa na dirisha, na alipoukaribia moyo wake ili aone kama unaogopa alikuta ni mtulivu, na utulivu ule ndio uliomtisha, kama kuna kitu kilichobaki cha kutishwa, na akaweka glavu za mdogo wake mapajani na kuzikandakanda ili zisipoteze joto, na dakika zikapita, na theluji ikaanza kuanguka upya, na nyuma yake, katika gari kuukuu, Seabata alikuwa akiangalia njia inayozibika, na Seabata alikuwa mtu wa milimani, na mtu wa milimani mwenzake akipotea ukunguni mkono hautafuti ruhusa.

Honi ikalia. Mara moja, ndefu.

"Seabata!" Khauhelo akashika redio. "Seabata, umefanya nini?"

"Mkono, dada. Mkono wenyewe. Mungu wangu."

Mluzi ulikuwa umekoma. Mbele ya boneti palitokea kivuli, kikawa mtu, mtu akawa Thesele. Alikuwa akitembea vizuri, magoti yakikunjika. Alikuja hadi dirishani, akaweka kiganja juu ya kioo. Kitambaa hakikuwepo. Kiganja kilikuwa kizima, laini, bila hata alama.

Seabata alikwisha kuona kutoka nyuma. "Amepona!" redio ikapiga kelele. "Khauhelo, mkono umepona! Yule mama ni kiboko! Mfungulie, atakufa na baridi huko!"

Khauhelo alifungua mdomo aulize. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi, neno moja fupi ambalo hata mtoto hulisema. Aliutazama uso nyuma ya kioo, uso wa mdogo wake, nyusi za mama yake, na theluji imekaa kwenye kope bila kuyeyuka. Akafikiri: nikiuliza asijibu, nitarudi nyumbani na nani? Na kabla hajamaliza kufikiri, kidole chake kilikwisha kubonyeza kitasa.

Akaingia. Akakaa kiti cha mbele, akanyoosha mikono kwenye kipasha joto.

"Kuna joto humu," alisema.

"Thesele, umelirudisha jiwe?"

"Kuna joto," akasema tena, akatabasamu.

Khauhelo akawasha gari. Likaenda. Likaanza mteremko, na mkanda wa kiti cha mbele ulikuwa unaning'inia mahali pake, haujavutwa. Akangoja. Akatazama kijitaa chekundu cha kiti kile, kile ambacho kilikuwa hakimvumilii mdogo wake hata mita chache. Hakikuwaka. Akapita kona, akapita daraja, akafika kwenye lami. Kando yake mtu alikuwa amekaa, mabega yake yakigusa kiti, na gari, ambalo jana lilimhesabu hata mgeni wa kiti cha nyuma, likasema kwamba kiti hakina mtu. Kengele haikulia hadi Maseru.

Aliwaza kugeuza gari, na njia nzima mikono haikuugeuza usukani.

Mama alikuwa mlangoni na blanketi lake. Alipowaona wawili uso ulimfunguka, akauziba mlango kwa mwili wake kama alivyozoea, akicheka.

"Mamba!" akamwambia mwanawe.

Yule kijana akatabasamu. Macho yake yalimpita mama begani, yakaenda ndani, kwenye jiko lililokuwa likiwaka. Hakusema kitu. Mama akangoja, mkono kwenye fremu ya mlango, kicheko kikianza kumpungua.

"Hulala, meno yakiwa macho," Khauhelo akajibu kutoka nyuma.

"Nimemsalimu yeye."

"Amechoka, 'M'e. Amepigwa na baridi. Mpishe aingie."

Mama akamtazama binti yake kwa kitambo. Kisha akaushika mkono wa kijana, akaupulizia pumzi, akausugua. "Maskini, mkono barafu tupu. Ingia, mwanangu, karibu. Kaa karibu na moto."

Akaingia, akakaa karibu na moto kuliko mtu anavyoweza kukaa. Khauhelo alibaki nje, mikono mifukoni. Humo mfukoni zilikuwamo glavu za Thesele, na alikuwa hajaombwa azirudishe.